Mbio za saratani: fulana tumezipata, uchunguzi uko wapi?

Oktoba ikiingia, mji huvaa rangi ya waridi. Riboni hufungwa kwenye milango ya mabenki, wanasiasa hupiga picha, na Jumapili moja watu hukusanyika alfajiri, fulana mpya mwilini na nambari kifuani, wakakimbia kilomita tano au kumi kwa ajili ya wagonjwa wa saratani. Saa nne asubuhi jua limeshapanda, maji ya chupa yamekwisha na kila mtu amerudi kwake. Novemba mabango yanashuka.

Sisemi haya kwa kuzibeza mbio. Mimi mwenyewe ni mmoja wa wanaojiandaa. Tuko watu kumi na wawili, wengi wetu kina mama, na tunakimbia mara tatu kwa wiki baada ya sala ya alfajiri. Ninachotaka tukijadili leo, ndugu msomaji, ni kwamba faida kubwa ya mbio za hisani hapa Pwani haiko siku ya mbio. Iko katika ile miezi mitatu minne ya mazoezi inayotangulia, na faida hiyo tunaiacha ikamwagika kwa sababu hakuna aliyeipangia.

Tuanze na ukubwa wa jambo lenyewe. Makadirio ya mwaka 2020 ya taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani yaliweka wagonjwa wapya nchini Kenya kuwa 42,116 kwa mwaka, na vifo 27,092. Saratani ya matiti ilikuwa na wagonjwa wapya 6,799, na ya mlango wa kizazi 5,236. Lakini ukitazama vifo mambo yanageuka: mlango wa kizazi 3,211, matiti 3,107. Yaani ile yenye wagonjwa wachache ndiyo iliyozika wengi zaidi.

Na hii ya mlango wa kizazi ndiyo saratani ambayo dunia inajua namna ya kuizuia. Ina chanjo. Ina kipimo kinachoona mabadiliko miaka mingi kabla hayajawa saratani, na kipimo chenyewe kinaweza kufanywa bila mtambo wowote. Muuguzi hupaka siki iliyozimuliwa, asidi ile ile ya siki tunayotilia kachumbari, husubiri dakika moja hivi, na mahali palipoanza kuharibika hugeuka peupe. Pakionekana mapema, mara nyingi panaweza kutibiwa kwa kuchomwa hapo hapo na mama akarudi nyumbani kwake siku hiyo hiyo. Hata hivyo uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kuwa katika kila wanawake mia wa miaka 30 hadi 49, waliowahi kupimwa walikuwa kama kumi na sita tu. Maafisa wa Wizara ya Afya wamesema mara nyingi kuwa wagonjwa wengi wa saratani nchini, zaidi ya nusu kwa mbali, hufika hospitali ugonjwa umeshakomaa.

Kwetu Pwani sababu za kuchelewa tunazijua, ila hatupendi kuzisema. Ugonjwa huu hautajwi kwa jina. Huitwa "yale maradhi" au "ugonjwa mbaya", na mtu akifa nayo, matangani husemwa aliumwa tumbo. Mama mwenye uvimbe kwenye ziwa huufunika kwa leso miezi sita, akiona haya kumwambia hata dadake. Akisema, huenda akaambiwa ni jicho au sihiri. Atanywa kombe, atapakwa mafuta, atapelekwa kwa mganga wa pili na wa tatu. Sina neno na dua. Dua na daktari havijawahi kugombana. Shida ni ile miezi inayopita katikati, kwani uvimbe hausubiri mtu amalize waganga.

Sasa, ukimya wa namna hii hauvunjwi na bango. Wala hauvunjwi na kipaza sauti cha Jumapili moja. Mtu haulizi jambo la siri mbele ya umati wenye muziki. Huuliza pembeni, kwa mtu aliyemzoea, baada ya kumwona mara nyingi.

Hapa ndipo ninapomkumbuka Terry Fox, yule kijana wa Kanada ambaye mbio nyingi za saratani duniani leo hufanywa kwa jina lake au kwa mfano wake. Alikatwa mguu wa kulia mwaka 1977 kwa saratani ya mfupa, akiwa na miaka 18. Aprili 1980 alianza kuivuka nchi yake kwa mguu mmoja na mwingine wa bandia, karibu mbio ndefu nzima ya marathoni kila siku, kwa siku 143. Alifika kilomita 5,373 saratani ilipomrudia mapafuni, akafariki Juni 1981. Wengi wanaijua sehemu hiyo. Kisichosemwa sana ni kwamba kabla ya kuanza alifanya mazoezi zaidi ya mwaka mzima. Na hata alipoanza, majuma ya mwanzo watu waliojitokeza barabarani walikuwa wachache. Kilichoibadilisha nchi ni kuonekana kila siku, mji baada ya mji, akisimama kuzungumza shuleni na katika kumbi, huku akikataa makampuni yaliyotaka kumtumia kutangazia bidhaa. Alitaka dola moja kutoka kwa kila raia, na kufikia Februari 1981 zilikuwa zimetimia zaidi ya milioni 24, karibu sawa na idadi ya Wakanada wa wakati huo.

Sisi hatuna Terry Fox, lakini barabara tunazo. Kikundi chetu hutoka Majengo, kikapita Makadara hadi Mama Ngina, kisha kurudi. Saa kumi na mbili kasoro mji huu una watu wake: mama wa mahamri na mbaazi ameshawasha jiko, wazee wametoka msikitini wamekaa barazani, makanga wanaita abiria. Majuma ya kwanza tulichekwa, nikisema kweli. "Nyie wanangu mnamkimbia nani?" Juma la nne mama mmoja wa mahamri alimwita mwenzetu pembeni, ambaye ni muuguzi mstaafu, akamuuliza mbio hizi ni za nini hasa. Akajibiwa. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza swali alilokuwa nalo tangu mwanzo.

Tangu hapo hatujawahi kumaliza njia bila kusimamishwa. Na maswali yenyewe ni funzo kwa kila anayeandaa mabango. Hakuna aliyeuliza saratani ni nini. Wanauliza: hicho kipimo kinauma? Anayepima ni mwanamume? Nikipatikana nayo, mume wangu ataambiwa? Mimi siumwi popote, niende kutafuta nini? Muuguzi wetu hujibu moja moja. Kipimo kinasumbua kidogo, hakiumi kama kuzaa. Unaweza kuomba upimwe na mwanamke. Majibu ni yako. Na hilo la mwisho ndilo kubwa, kwa sababu saratani ya mlango wa kizazi ikianza haiumi, na ikifika kuuma imeshakwenda mbali. Damu inayotoka baada ya tendo la ndoa, au baada ya mama kukoma hedhi, si ya kungojea.

Swali jingine linalorudi ni la chanjo ya wasichana. Ilizinduliwa hapa hapa Mombasa Oktoba 2019, kwa wasichana wa miaka kumi, na uvumi ukaizindua nao siku hiyo hiyo: ati inafunga kizazi. Virusi vinavyosababisha saratani hii huambukizwa kwa kujamiiana, kwa hiyo chanjo hutolewa kabla msichana hajafikia umri huo. Wazazi wengi husikia nusu ya kwanza ya sentensi hiyo na kukasirika, hawasubiri nusu ya pili. Wakati huo zilihitajika dozi mbili, na wasichana wengi waliopata ya kwanza hawakurudi kwa ya pili. Desemba 2022 Shirika la Afya Duniani lilikubali kuwa hata dozi moja inaweza kutosha kwa wasichana, jambo ambalo lingepaswa kuturahisishia. Lakini mzazi wa Kisauni hatasadiki waraka wa Geneva. Atamsadiki mwalimu wa chuo anakosoma mwanawe Kurani, na somo aliyemfunda yeye mwenyewe alipoolewa. Hao wawili, katika mbio zote nilizoziona zikitangazwa, sijaona walipoalikwa.

Wanaume nao wasidhani yanawapita. Barazani tunakopita wazee huwa na dele la kahawa na kisahani cha tambuu. Popoo ile ya tambuu, hata bila tumbaku, iliwekwa na wanasayansi wa Shirika la Afya Duniani katika orodha ya vitu vinavyosababisha saratani tangu mwaka 2004. Ukichanganya na tumbaku hatari huzidi, na hili huangukia mdomo na koo. Kuberi wanayoweka vijana chini ya mdomo iko kundi hilo hilo. Hata kahawa, si kahawa yenyewe bali moto wake: vinywaji vinavyopita nyuzi 65 vinadhaniwa kuongeza saratani ya umio, ambayo Kenya inayo kwa wingi. Mei 2024 magavana wetu waliamka na amri za kupiga marufuku muguka, mahakama ikazisimamisha, tukagombana majuma kadhaa redioni. Kuberi na popoo hazikupata hata robo ya kelele hizo, nadhani kwa sababu haziwezi kupigiwa siasa kati ya Pwani na Embu.

Kuhusu kukimbia kwenyewe niseme mawili. Mazoezi hupunguza hatari ya saratani kadhaa, ikiwemo ya matiti na ya utumbo mpana, na kipimo kinachoshauriwa ni dakika 150 kwa wiki za kutembea kwa haraka, si lazima kukimbia. Lakini si hirizi. Wakimbiaji nao huugua, kwa hiyo asiseme mtu "mimi nakimbia" badala ya kwenda kupimwa. La pili ni joto letu. Machi 2007 mashindano ya dunia ya mbio za nyika yalifanyika hapa Mombasa, na Kenenisa Bekele wa Ethiopia, bingwa aliyekuwa hashindiki, alijitoa mzunguko wa mwisho kwa sababu ya jua na unyevu. Ikiwa Bekele alishindwa na kaskazi, mama wa miaka hamsini mwenye presha asianzishiwe mazoezi Februari saa mbili asubuhi. Msimu wa kusi ndio wa kuanzia, na alfajiri ndiyo saa yake.

Kuna wanaouliza kama inafaa wanawake wetu kukimbia barabarani. Kina mama wa kikundi chetu hukimbia na mitandio yao na nguo pana, kwa pamoja, na waume wawili wameanza kuja nyuma. Sijaona kilichoharibika.

Basi mpaka hapa mazoezi yamefanya kazi yake: mtu ameuliza, amejibiwa, amekubali kwenda. Anakwenda wapi?

Mwezi uliopita kina mama watatu kutoka njia yetu walikwenda zahanati kupimwa. Waliambiwa glavu zimekwisha na anayejua kipimo yuko semina, warudi juma lijalo. Wawili walirudi. Wa tatu ni muuza samaki. Asubuhi anayopoteza ndiyo chakula cha watoto, naye alituambia wazi kuwa hatarudi. Tulitumia majuma sita kumfikisha kwenye ule mlango.

Hilo ni la Kisiwani, ambako zahanati iko mwendo wa miguu. Mama wa Faza au Kizingitini anahitaji boti hadi Mokowe, kisha basi zaidi ya kilomita 300 hadi Mombasa, katika barabara ambayo magari yamekuwa yakisindikizwa na polisi kwa sababu ya usalama. Kwa miaka mingi hata Mombasa haikuwa mwisho wa safari; mgonjwa alipandishwa Nairobi, akalala kwa jamaa akisubiri zamu ya mionzi. Kitengo cha saratani katika hospitali kuu ya Pwani kimepunguza safari hizo, na hilo ni la kushukuru. Lakini matibabu ya Mombasa hayamsaidii mtu ambaye kinyama chake cha kupimwa hakijakatwa, au kimekatwa na majibu hayajarudi.

Kisha kuna bima. Oktoba 2024 NHIF ilipotoa nafasi kwa SHA, kiwango cha saratani kiliwekwa kuwa shilingi 550,000 kwa familia kwa mwaka: 400,000 kutoka mfuko wa bima na 150,000 kutoka mfuko wa magonjwa sugu. Wagonjwa wamelalamika tangu siku ya kwanza kuwa hazifiki mwisho wa mwaka, na walioandamana hawakuwa wakicheza. Lakini kwa watu wetu kikwazo huja hata kabla ya hapo. Asiye na mshahara alitakiwa kulipa mchango wa mwaka mzima kwa mkupuo. Mvuvi wa Shimoni au mama wa viazi karai wa Kongowea hapati pesa zake kwa mwaka, hupata kwa siku. Uchunguzi na huduma za msingi katika zahanati na vituo vya afya havihitaji mchango huo, ila mtu awe amejisajili. Hili moja tu lingesemwa katika kila mazoezi, lingewafaa watu kuliko kauli mbiu zote.

Pesa za mbio nazo tuziulize. Mfano mkubwa tulio nao nchini ni kampeni ya Beyond Zero ya Mama Margaret Kenyatta. Alifanya mazoezi hadharani, akakimbia Nairobi Machi 2014, na mwezi uliofuata akamaliza marathoni ya London kwa saa zipatazo saba. Pesa zilipatikana na kaunti zote 47 zikapewa kliniki zinazotembea, kwa ajili ya afya ya mama na mtoto. Hakuna anayeweza kusema zile mbio hazikuzaa kitu. Lakini magazeti yameripoti mara nyingi tangu hapo juu ya magari hayo yaliyosimama katika baadhi ya kaunti bila dereva, bila mafuta, bila wauguzi. Gari lilinunuliwa kwa mbio. Muuguzi hulipwa kwa bajeti, na bajeti haikukimbia pamoja na wengine.

Kwa hiyo kabla ya kulipia nambari ya kifuani mwaka huu, mwulize mwandalizi mambo machache kwa adabu. Pesa zilizobaki baada ya fulana na jukwaa zinakwenda wapi, na zitatangazwa lini? Je, siku ya mbio kutakuwa na chumba cha faragha na wauguzi wa kike wa kupima papo hapo, au ni hema la kugawa vijikaratasi? Akipatikana mtu na tatizo, nani anamfuata hadi hospitali? Mbio zikijibu maswali hayo matatu, mimi nitawaletea wakimbiaji.

Na vikundi vya mazoezi, ambavyo sasa viko kuanzia Likoni hadi Mtwapa, vishikane na wahamasishaji wa afya ya jamii. Tangu Septemba 2023 wako karibu laki moja nchi nzima, wanalipwa posho ndogo na kazi yao ni kupita nyumba kwa nyumba. Wao wanajua mtaa, sisi tuna macho ya watu kila alfajiri. Sisi tumeanza kwa jambo dogo: Jumamosi ya mwisho ya mwezi njia yetu huishia kwenye zahanati, si Mama Ngina. Kabla ya siku hiyo muuguzi wetu hupiga simu kuuliza glavu zipo, siki ipo, na anayejua kupima yupo. Wasipokuwepo hatuendi, na tunamwandikia afisa wa afya wa wadi kumweleza kwa nini hatukwenda.

Barua tatu zimeshakwenda, jibu limekuja moja. Makadirio ya bajeti ya kaunti hufika bungeni kabla ya tarehe 30 Aprili, na kabla ya hapo sheria inataka wananchi wasikizwe. Vikao hivyo huwa na viti vitupu mbele na wazee wale wale nyuma. Mwaka ujao tumekubaliana kwenda sote kumi na wawili, pamoja na mama wa mahamri, tukiwa na ombi moja lililoandikwa: kila zahanati ya wadi yetu iwe na wauguzi wawili waliofunzwa kipimo cha siki, ili mmoja akienda semina mwenziwe awepo.